Simu Haijui Kisima

Siku hizi mwanafunzi anapofunga mkoba wake kwa ajili ya safari ya miguu, kitu cha kwanza anachohakikisha kwamba hakukisahau si chupa ya maji wala si soksi za akiba, bali ni simu. Hapana ubaya. Simu ya kisasa imekusanya mahali pamoja ramani, dira, tochi, kamera, kinasa sauti, kamusi na hata pochi ya pesa, vitu ambavyo miaka thelathini iliyopita vingejaza mkoba mzima na kumlemea mchukuzi. Swali linalostahili kuulizwa na walimu pamoja na wanafunzi ni kama chombo hicho kinamtosha mtu atembeaye kwa miguu katika nchi kama ya Garissa, Wajir na Mandera, na kama tunawafundisha vijana wetu namna ya kukitumia au tunawaachia tu wakitegemee.

Kaunti hizo tatu, ambazo hadi mfumo wa ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, zina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 127,000, yaani zaidi ya sehemu moja kwa tano ya Kenya nzima. Hata hivyo ni shule chache mno za sehemu nyingine za nchi ambazo hupeleka wanafunzi wake huko. Mabasi ya shule huelekea Mombasa, Nakuru na Maasai Mara. Sababu za jambo hili zina mizizi ya kale. Serikali ya kikoloni iliifunga nchi ya kaskazini kwa sheria za vibali, na baada ya uhuru hali ya hatari iliyotangazwa katika miaka ya vita vya Shifta haikuondolewa hadi mwaka 1991. Kizazi kizima cha Wakenya kilikua kikiamini kwamba Garissa ni mahali pa kupelekwa kwa uhamisho, si mahali pa kutembelewa kwa hiari.

Lakini safari ya miguu yenye mkoba mgongoni si jambo geni katika elimu yetu. Mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa nchini mwaka 1966, huwataka vijana wa umri wa miaka 14 hadi 24 kufanya safari ya kujitegemea: siku mbili kwa ngazi ya shaba, tatu kwa ngazi ya fedha na nne kwa ngazi ya dhahabu. Katika mpango huo kijana hujifunza kusoma ramani, kupika, kulala nje na kuwategemea wenzake. Hapo ndipo simu ilipoingia na kuleta mjadala. Baadhi ya walimu huipiga marufuku kabisa, wakidai kwamba huharibu mafunzo. Wengine huiruhusu bila sharti lolote. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeliona jambo hili nusu tu.

Tuanze na sifa zake, maana si haki kukilaani chombo kabla ya kukielewa. Watu wengi hudhani kwamba pasipo mtandao wa simu ramani nayo hufa. Sivyo. Sehemu ya simu inayotambua mahali ulipo hupokea ishara kutoka kwa setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,000, na hupokea tu bila kutuma chochote. Mfumo wa Marekani wa setilaiti hizo ulikamilika mwaka 1995, na tangu Mei 2000, Wamarekani walipoacha kuupotosha kwa makusudi kwa watumiaji wa kawaida, umekuwa sahihi kiasi cha kumwonyesha mtu mahali aliposimama kwa tofauti ya mita chache. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeihifadhi ramani katika simu yake kabla ya kuondoka mjini anaweza kujua mahali alipo hata katikati ya nyika isiyo na mlingoti mmoja. Hii ni neema, na mwalimu anayeikataza anamnyima mwanafunzi wake kinga.

Ilhali neema hiyo ina mipaka yake, na mipaka hiyo Garissa huiona mapema kuliko Nairobi. Wa kwanza ni joto. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa simu hutahadharisha kwamba zisitumiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 35. Katika mji wa Garissa joto la adhuhuri hufika hapo au kupita hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na simu iliyowekwa juani juu ya mkoba hujizima yenyewe wakati uleule inapohitajiwa. Wa pili ni betri, ambayo hujichosha kwa kutafuta mtandao usiokuwapo. Ndiyo maana yafaa kuiweka simu katika hali ya ndegeni na kuifungua kwa saa maalumu tu. Wa tatu ni milingoti yenyewe. Katika miaka ya karibuni magaidi wa Al-Shabaab wameilipua mara kadhaa katika kaunti zote tatu, na vijiji vizima vikakaa bila mawasiliano.

Mpaka wa nne ni mzito zaidi, nao ni ramani kutojua hali ya nchi. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mto Tana ulifurika na kuikata barabara ya Nairobi na Garissa karibu na Madogo. Wasafiri walilazimika kuvuka kwa mashua, na mwishoni mwa Aprili moja ya mashua hizo ilizama na kuua watu. Mstari wa barabara uliochorwa katika ramani haukulowa. Ndivyo ilivyo pia kwa laga, yale mabonde makavu ya mito ya msimu, ambayo ramani huyaonyesha kama uzi mwembamba tu. Mvua inaweza kunyesha mbali, mahali ambapo msafiri haoni hata wingu, kisha maji yakamkuta amelala mchangani. Mwenyeji hawezi kupiga hema ndani ya laga. Mgeni, akiona ni mahali tambarare penye kivuli, hupiga.

Nikiwa mwalimu wa isimu, ninaloliona aghalabu ni suala la majina. Simu haitafuti mahali, hutafuta herufi. Lugha ya Kisomali ilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na katika hati hiyo herufi ya c husimamia ile sauti ya ain ya Kiarabu, na x husimamia ile ha ya kooni. Karani wa kikoloni aliandika El Wak. Msomali msomi ataandika Ceelwaaq. Mji ambao wengine huuita Modogashe wengine huuandika Mado Gashi. Dagahaley ya kambi za Dadaab huandikwa pia Dhagaxley. Mwanafunzi aliyeandika tahajia moja huambiwa na simu yake kwamba mahali hapo hapapo, au hupelekwa penginepo penye jina linalofanana. Aliye na kinywa cha kuuliza hapati taabu hiyo, kwa sababu sikio la mwenyeji halijali tahajia.

Tena majina hayo yanasema. Ceel ni kisima, na Ceelwaaq ni kisima cha Mungu, kwa lile jina la kale la Mungu, Waaq, lililotumiwa na jamii za Kikushi kabla ya Uislamu. Habaswein ni vumbi jingi. Dhagaxley ni mahali penye mawe. Wazee waliovipa vituo hivi majina walikuwa wakimwandikia msafiri maelezo ya safari: hapa utapata maji, pale jitayarishe kwa vumbi, kule usitarajie kuchimba. Kwa asiyejua lugha, majina hayo ni vitone vya rangi ya kijivu kwenye kioo. Kwa anayeijua, ni ramani iliyochorwa kwa maneno kabla ya setilaiti ya kwanza kurushwa.

Na kisima chenyewe je? Ramani ya simu inaweza kuonyesha kitone cha samawati. Haitakwambia kama mashine ya kuvutia maji imeharibika tangu mwezi uliopita, kama maji yake ni ya chumvi kama yalivyo maji ya visima vingi vya Wajir, au kama leo ni zamu ya ngamia wa ukoo fulani na mgeni anapaswa kungoja. Kisima katika nchi kavu kina wenyewe, kina utaratibu na kina adabu. Msafiri anayejitoma na chupa yake bila salamu, kwa kuwa simu imemwonyesha maji, amekwisha kukosa hata kabla ya kuchota.

Najua litakaloletwa hapa kama hoja ya kunipinga. Nitaambiwa kwamba hata wafugaji wenyewe wana simu, na kwamba ninatamani kuwarudisha watu kwenye enzi za mababu. Ni kweli kwamba wana simu. Mchungaji wa ngamia huchaji yake kwa paneli ndogo ya jua, hupokea malipo yake kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, na huuliza bei za soko la mifugo la Garissa kabla hajaswaga mnyama hata mmoja. Lakini tutazame anaitumiaje. Wasomali wana neno sahan, yaani upelelezi wa malisho. Tangu zamani kabla ya kuhama, watu wenye uzoefu walitangulia kwenda kuchunguza wapi mvua imenyesha, majani yana hali gani, maji yako umbali gani na ni nani waliokwisha kufika huko. Kisha walirudi wakatoa habari barazani. Leo sehemu ya kazi hiyo hufanywa kwa simu: mtu humpigia binamu yake aliye mbali akamuuliza. Kilichobadilika ni mwendo wa habari. Chanzo cha habari kimebaki kuwa mtu anayeaminika, aliyeona kwa macho yake.

Hapo ndipo ilipo tofauti, na hiyo ndiyo hoja yangu katika makala hii. Mfugaji huitumia simu ili aulize watu. Mgeni huitumia simu ili asilazimike kuuliza watu. Chombo ni kilekile, lakini mmoja kimemwongezea majirani na mwingine kimempunguzia.

Salamu ya Kisomali inatufundisha jambo hili kuliko kitabu. Watu wakikutana huambiana iska warran, maneno ambayo maana yake halisi ni toa habari zako. Hayo si maneno matupu ya heshima. Katika nchi ambayo kituo kimoja kiko mbali na kingine, kila anayetoka upande mmoja amebeba habari inayohitajiwa na anayekwenda upande huo: mvua, maradhi ya mifugo, ugomvi, usalama wa njia. Msafiri anayejibu kwa kutikisa kichwa huku macho yakiwa kwenye kioo amekataa kupokea ramani iliyo mpya kuliko zote, tena ya bure.

Kiswahili nacho kilikuwa na onyo lake, nasi tumelisahau. Neno rununu, ambalo sisi wa Kenya tumelizoea kwa maana ya simu ya mkononi, katika matumizi ya zamani lilikuwa na maana ya uvumi, yaani habari inayoenea bila kuthibitishwa. Waliolipendekeza kwa ajili ya simu huenda walifikiria jinsi habari zinavyosambaa. Kwa msafiri wa miguu maana ya zamani ingali na faida: kinachosemwa na simu kichukuliwe kama rununu hadi mtu aliyekuja kwa njia hiyo akithibitishe.

Liko pia suala la dira. Sauti ya simu huelekeza kwa kulia na kushoto, yaani kwa kuufuata mwili wa mtu. Baada ya siku tatu za kuisikiliza, mtembezi hajui jua linachomoza upande gani. Kuna jamii ambazo hazisemi hivyo kabisa. Waguugu Yimithirr wa Australia, ambao wanaisimu wamewachunguza kwa miaka mingi, husema upande wa kaskazini wa mguu wako au mashariki ya kikombe, na kwa sababu hiyo huwa wanajua pande za dunia saa zote. Lugha yetu wenyewe ilianza na maumbile: kaskazini na kusini ni pande za pepo za kaskazi na kusi, na mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Lakini darasani tumeyafanya kuwa maneno ya pembe za karatasi, juu, chini, kulia na kushoto.

Garissa ni mahali pazuri pa kulitibu tatizo hili. Makka iko kwenye longitudo inayokaribia sana ile ya mji wa Garissa, na kwa hiyo kibla ya Garissa, kama ya Wajir, ni kaskazini karibu kamili. Kila msikiti wa mji huo, basi, ni dira iliyojengwa kwa mawe, na kila Mwislamu anayeswali huielekea kaskazini mara tano kwa siku. Mwanafunzi, awe wa dini yoyote, akilijua hilo hatahitaji betri kujua pande zake mjini. Na usiku asiitafute nyota ya ncha ya kaskazini inayotajwa katika vitabu vya Ulaya, kwani mji uko kusini kidogo tu mwa ikweta na nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho.

Siwezi kuandika juu ya safari za Kaskazini Mashariki nikanyamaza kuhusu usalama, hasa ninapowaandikia walimu. Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa tarehe 2 Aprili 2015 na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Kwa hiyo simshauri mwalimu yeyote achukue wanafunzi akaelekee mpakani kwa kuwa ramani imemwonyesha njia. Safari yoyote ianzie katika ofisi ya chifu na ya maafisa wa usalama, iwe na mwenyeji anayelipwa haki yake, na iwe katika maeneo waliyoyaidhinisha.

Lakini mkasa mmoja unafaa kukumbukwa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwataka abiria wajitenge kwa dini. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika. Miongoni mwa waliopigwa risasi alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, ambaye alifariki Januari 2016 kutokana na majeraha yake. Walionusurika siku hiyo walinusurishwa na watu waliokuwa wameketi kando yao, si na kifaa walichokuwa nacho mfukoni. Kijana anayesafiri huku amejifungia katika kioo chake hamjui aliyeketi kando yake.

Kamera nayo ihadhariwe. Kupiga picha vizuizi vya polisi na kambi za jeshi ni kujitafutia matatizo. Kupiga picha wanawake kisimani bila idhini ni kuwavunjia heshima. Na picha nyingi za simu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa. Mwaka 2017 video ya twiga weupe wa hifadhi ya Ishaqbini, huko Ijara, ilizunguka dunia nzima. Machi 2020 ikatangazwa kwamba twiga jike na mtoto wake wameuawa na majangili, na Novemba mwaka huo dume aliyebaki akafungwa chombo cha kumfuatilia. Sidai kwamba video ndiyo iliyowaponza. Nasema kwamba mnyama adimu, kama vile hirola wa hifadhi hiyohiyo ambao duniani pote hawafiki hata 500, hapaswi kutangaziwa anwani yake.

Tufanye nini, basi? Napendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu.

Kwanza, simu iruhusiwe safarini, lakini iwe na kazi zilizowekwa. Ramani ihifadhiwe kabla ya kuondoka. Simu moja ibaki imezimwa na kufungwa kitambaani kwa ajili ya dharura, na kila mmoja azijue nambari 999 na 112. Ramani ya karatasi ya Idara ya Upimaji ichukuliwe pia, kwa kuwa haihitaji chaji na watu watano wanaweza kuinamia moja na kubishana, na katika kubishana huko ndimo mna elimu.

Pili, kila mwanafunzi ajifunze walau maneno ishirini ya lugha ya mahali anapokwenda. Nabad ni amani, biyo ni maji, jid ni njia, ceel ni kisima, xaggee ni wapi, mahadsanid ni ahsante. Anayeyajua hayo na kuyatamka kwa heshima amejipatia waelekezi katika kila manyatta atakayopita.

Tatu, na hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, kinasa sauti kilicho ndani ya simu kitumike kukusanya majina ya mahali. Kando ya Tana, karibu na Garissa, wanaishi Wamunyoyaya, wenye lahaja yao ya Kioromo. Huko Ijara na Lamu wako Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, wazungumzaji wa lugha iliyo jamaa ya Kisomali, na ambao tangu zamani humfuata msituni ndege aongozaye watu kwenye asali. Lugha hizi ni ndogo na zimo hatarini. Kila kichaka, kila kidimbwi na kila kivuko chao kina jina, na majina hayo mengi hayamo katika ramani yoyote, ya karatasi wala ya simu. Mzee anapokufa hufa nayo. Kikundi cha wanafunzi kinachotembea siku mbili na mzee mmoja, kikamwomba idhini yake kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka, kikanasa sauti yake akitaja majina na sababu zake, kitarudi na kazi ambayo chuo kikuu kitaihitaji. Nakala yake iachwe kijijini, katika shule ya pale pale, ili watoto wa wenyewe wawe wa kwanza kuisikia.

Ikitumiwa hivyo, simu haitakuwa adui wa maarifa ya wenyeji, itakuwa daftari lake. Nchi ya Kaskazini Mashariki imeandikwa kwa miaka mingi na watu walioitazama kutoka mbali, kwanza kutoka dawati la mkoloni, kisha kutoka Nairobi, na sasa kutoka angani. Vijana wetu wana miguu yenye nguvu na chombo cha kurekodi mkononi. Waende wakaiandike kutoka chini, wakianza kwa kuamkua na kuuliza habari.